Sakafu Kwanza, Rangi Baadaye

Vijana wengi wa mijini Afrika Mashariki huanza kujitegemea katika chumba kimoja. Dar es Salaam huwa ni chumba cha kupanga chenye uani na choo cha kuchangia, na aliyepiga hatua husema amepata chumba na sebule. Nairobi ni bedsita, au chumba kile ambacho mwenye nyumba na mpangaji wote hukitaja kwa vipimo vyake tu: kumi kwa kumi. Anayeuliza afanyeje ili makazi hayo yasimbane hupewa jibu lilelile kila mahali: paka rangi nyeupe, tundika kioo kikubwa, punguza vitu.

Jibu hilo lina ukweli, ila limepangwa kinyumenyume. Rangi hutajwa mwanzo kwa sababu ni rahisi kununua, na vitu hutajwa mwisho kwa sababu ni vigumu kuviacha. Ukilitazama swali lote, utaona kwamba nafasi katika nyumba ndogo hupatikana kwanza sakafuni, kisha dirishani, na ukutani mwisho. Anayeanzia ukutani hutumia fedha na kubaki amebanwa vilevile.

Hesabu ya futi mia moja

Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100, yaani mita za mraba 9.3. Tuzihesabu zinavyokwenda. Kitanda cha sita kwa sita hula 36, na hapo mbao za fremu hazijaingia. Kabati la nguo la futi nne kwa mbili huchukua 8. Friji, mtungi wa gesi na meza ya jiko, hata vikibanana, huchukua kama 10. Madumu na ndoo za maji zinahitaji 4. Mlango unaofungukia ndani unadai futi 9 ambapo huwezi kuweka chochote. Jumla ni 67. Zilizobaki ni 33, nazo hazikai pamoja. Zimetawanyika: kipande ubavuni mwa kitanda, kipande mbele ya kabati, kipande nyuma ya mlango. Mtu ana theluthi moja ya chumba mkononi na bado hana pa kukaa.

Sasa badilisha kitu kimoja. Weka kitanda cha nne kwa sita na ukisogeze hadi ukutani. Futi 12 zimerudi, na zikiungana na kichochoro kilichokuwepo ubavuni, panapatikana mahali pa kutandika mkeka watu watatu wakae wale. Kwa mtu anayelala peke yake uamuzi huo ni mwepesi. Kwa mke na mume ni mzito zaidi, kwa kuwa anayelala upande wa ukutani itabidi amruke mwenzake kila akiamka usiku, na huenda tano kwa sita ikawa ndiyo suluhu yao. Lakini uamuzi ufanywe kwa hesabu, si kwa mazoea ya kuamini kwamba kitanda kikubwa ndicho kitanda cha mtu mzima.

Jicho nalo lina hesabu yake. Halipimi chumba kwa futi. Hutazama sakafu inayoonekana ni kiasi gani, na linaweza kwenda mbali kiasi gani kabla ya kugonga kitu. Ndiyo maana kochi lenye miguu, ambalo sakafu inaonekana chini yake, halijazi chumba kama kochi la ukubwa uleule lililofunikwa hadi chini. Ndiyo maana pia kabati refu likisimama mkabala na mlango, chumba chote huonekana kifupi, na likihamishiwa ukuta uleule wenye mlango, mgeni huingia na kuona hadi dirishani. Vitu ni vilevile, futi ni zilezile, ila mstari wa macho umefunguliwa.

Kabla ya kununua chochote kikubwa, jaribio la kufanya ni jepesi. Chukua futikamba, pima kitu unachokitaka, kisha tandika magazeti sakafuni kwa vipimo vyake na kuyabana kwa gundi ya karatasi. Ishi nayo siku nzima bila kuyakanyaga. Fungua mlango hadi mwisho. Beba ndoo iliyojaa kutoka mlangoni hadi jikoni. Inama uvute begi chini ya kitanda. Ukijikuta unapita kiubavu, kitu hicho ni kikubwa kuliko chumba chako, hata kama bei imepunguzwa. Njia ya mtu mmoja kupita bila kujipinda inahitaji kama futi mbili, na njia hiyo ni sehemu ya nyumba kama kilivyo kitanda.

Sebule na heshima ya mgeni

Kwenye chumba na sebule, kinachomaliza nafasi zaidi ni seti ya makochi. Seti ya watu saba ina kochi la watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Kwa vipimo vya kawaida, la watatu huchukua futi za mraba 21, la wawili 15, na yale mawili 18. Ongeza meza ya katikati ya futi 8. Hizo ni futi 62 katika sebule ya kumi kwa kumi na mbili yenye futi 120, kabla ya mlango na stendi ya televisheni. Zaidi ya nusu ya sebule imetengewa watu saba ambao huenda wakaja pamoja siku ya Idi, Krismasi au msiba.

Si haki kuwacheka wenye seti hizo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na kwa watu wengi kochi ndilo kitu cha kwanza kikubwa walichokinunua kwa jasho lao. Ni ushahidi kwamba nyumba hii inaweza kumpokea mtu. Lakini mgeni anayevuka magoti ya wenzake ili afike kitini hajapokewa vizuri, na watoto wanaosoma wamelala tumbo kwa kukosa mahali pa daftari ndio wanaolipia fahari hiyo mwaka mzima.

Njia nyingine ipo na haipunguzi heshima: kochi moja zuri la watu watatu, viti viwili vyepesi vinavyobebeka, stuli mbili au tatu zinazoingia chini ya meza, na mkeka mkubwa uliokunjwa nyuma ya mlango. Wageni saba watakaa, na siku nyingine zote sakafu ni ya wenyewe. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na wale wa kando ya Ngong Road, Nairobi, hutengeneza kwa oda. Mteja anayekwenda na vipimo vya sebule yake anaweza kuagiza kochi lenye kina cha futi mbili na nusu badala ya tatu, mikono myembamba na miguu ya inchi sita. Anayeonyesha picha tu hutengenezewa kochi la nyumba ya kwenye picha.

Mkeka wenyewe usionekane kuwa samani ya asiye na uwezo. Pwani yetu iliishi muda mrefu kwa vitu vinavyokunjwa. Asubuhi mahali ni pa kunywea chai, mchana pa kupokelea wageni, usiku pa kulala watoto. Chumba kimoja kilifanya kazi ya vitatu kwa kuwa hakuna kilichong'ang'ania sakafu.

Somo la nyumba za mawe

Tunao ushahidi mwingine, uliomo katika majengo. Lamu, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001. Wengi husifu milango yake ya nakshi, lakini ndani ya nyumba zile kuna ujuzi unaolihusu moja kwa moja swali letu. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali bila kupinda. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu, hata katika nyumba ya tajiri. Ni upana wa chumba cha kumi kwa kumi.

Mafundi wa Lamu walikabili wembamba huo kwa njia kadhaa zilizofanya kazi pamoja. Vyumba viliachwa virefu na dari ikawekwa juu. Misana, yaani vyumba vya kukaa, ilipangwa sambamba na kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi kwa anga, na kufungukiana kwa nafasi pana, hivyo mwanga ukapenya kutoka kimoja hadi kingine. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa nyeupe. Na vitu havikuwekwa mbele ya ukuta, viliwekwa ndani yake: zidaka zilizopangwa safu kwa safu zilibeba vyombo vya kauri bila kuchukua hata inchi moja ya sakafu, na vivuli vyake viliupa ukuta kina.

Angalia nafasi ya weupe katika orodha hiyo. Chokaa ilifanya kazi kwa sababu palikuwa na ua wa kuleta mwanga na zidaka za kupokea vitu. Anayechukua weupe peke yake na kuuacha ua na zidaka amechukua sehemu ndogo ya ujuzi huo.

Zidaka za leo zinaweza kuwa shelfu nyembamba, ya upana wa futi moja, inayozunguka chumba juu ya usawa wa mlango. Hapo hukaa masanduku, mablanketi ya msimu wa baridi na vyombo vya wageni. Vizito vibaki chini, kwa usalama wa wanaolala. Begi na viatu viingie chini ya kitanda, na kama kitanda ni kifupi, fundi seremala anaweza kukipandisha kwa vipande vinne vya mbao. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta atumie shelfu ya kusimama yenyewe, nyembamba na ndefu, atakayoondoka nayo akihama.

Mwanga, hewa na rangi

Chumba chenye joto na hewa nzito hubana hata kikiwa kitupu. Jambo hili husahaulika tunapozungumzia mapambo, ingawa mwili hulijua kabla ya macho. Dirisha la vioo vya lova, lile tunaloliona la kizamani, hufunguka karibu lote. Dirisha la alumini la kuteleza, ambalo limekuwa la fasheni, hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Nyumba ikiwa na dirisha moja tu la namna hiyo, na nje kuna ukuta wa jirani, hakuna kaskazi wala kusi itakayoingia. Mpangaji anayechagua kati ya vyumba viwili vya kodi moja atazame kwanza kama upepo una mahali pa kuingilia na pa kutokea, ndipo atazame marumaru.

Dirisha dogo linaweza kusaidiwa. Bomba la pazia litokeze kama futi moja kila upande wa dirisha, ili mapazia yakifunguliwa yakae ukutani na kioo kibaki wazi chote. Lipandishwe karibu na dari, pazia lishuke hadi sakafuni, na ukuta utaonekana mrefu. Ndani yake uwepo wavu mwepesi unaozuia macho ya wapita njia na kuacha mwanga. Pazia zito la tabaka mbili lenye mikunjo mingi lilibuniwa kwa madirisha makubwa. Kwenye dirisha la futi tatu linafunika nusu ya mwanga hata likiwa limefunguliwa.

Hapa ndipo rangi inapopata kazi yake. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, karibu sehemu nane kati ya kumi, na wa rangi nzito huumeza mwingi. Ila weupe mkali huchafuka kwa vumbi, moshi na mikono ya watoto, na ukuta wenye madoa hubana kuliko wa krimu ulio safi. Krimu, rangi ya maziwa au kijivu chepesi zinatosha. La muhimu zaidi ni kuacha desturi ya kuukata ukuta mara mbili: rangi nzito ya mafuta hadi kiunoni, nyepesi ya maji juu. Sababu yake ni njema, kwani rangi ya mafuta huoshwa. Lakini mstari ule hulisimamisha jicho katikati ya ukuta na kukishusha chumba. Omba rangi ya mafuta na ya maji katika toleo moja la rangi. Utauosha ukuta na hutaukata.

Dari nayo iachwe nyeupe na tambarare. Jipsamu ya ngazi mbili tatu yenye taa za rangi hupendeza ukumbini. Katika chumba chenye kimo cha futi tisa inaiba nusu futi au zaidi mahali ambapo kila inchi ina thamani. Fedha yake ingenunua taa tatu. Balbu moja katikati ya dari huacha kona zote gizani, na kona isiyoonekana usiku ni nafasi iliyopotea. Taa ndogo kwenye kona ya mbali na nyingine juu ya meza ya kusomea huvirudisha vipande hivyo vya nyumba.

Na kioo? Kioo hurudufu kile kinachotazamana nacho. Kikikaa mkabala na dirisha au ubavuni mwake, huleta mwanga na anga ndani. Kikitazamana na rundo la nguo juu ya kabati, kinakupa marundo mawili. Chandarua nacho kinastahili neno. Kile cha pembe nne kikiachwa kimening'inia mchana ni chumba ndani ya chumba; kifungwe juu kila asubuhi, na hewa itaonekana kurudi.

Pazia la katikati

Wenye chumba kimoja na watoto hulazimika kukigawa. Pazia zito kutoka dari hadi sakafu ndilo jibu la kawaida, na faragha hiyo ni haki ya watu wazima. Tatizo ni kwamba pazia likikaa mchana kutwa upande mmoja hubaki na dirisha na mwingine hubaki na giza. Usiku livutwe, mchana likusanywe lote ukutani. Kama lazima kuwe na mgawanyo wa kudumu, kabati la vyombo au shelfu ya kimo cha futi nne hukinga kitanda kisionekane na aliyeketi, na mwanga hupita juu yake. Watoto wawili wakilala kitanda cha dabodeka, sakafu ya kitanda kizima inarudi, na chini ya dirisha panapatikana mahali pa meza ya kukunja ya kufanyia masomo.

Jiko dogo

Jiko lina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1926 mjini Frankfurt, Ujerumani, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa 3.4. Alihesabu hatua za mpishi kutoka sinki hadi jikoni hadi kabatini, akapanga kila kitu kifikiwe kwa hatua chache. Majiko kama hayo yapata 10,000 yalijengwa. Aliyeongoza mradi ule wa nyumba, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, na miaka ya 1940 akachora mpango wa kupanua Kampala.

Kanuni yao haihitaji vifaa vya Ulaya. Kinachotumika kila siku kikae kati ya nyonga na mabega, kinachotumika mara moja kwa mwezi kipande juu. Sufuria ziingiliane, miiko na vifuniko vitundikwe. Ukuta wa nyuma ya jiko ubebe kazi ambayo sakafu imekuwa ikibebeshwa. Neno la usalama halikwepeki: mtungi wa gesi ukae penye hewa, si chini ya kitanda, na jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana gesi yake ya sumu haina harufu na imeshaua wengi usingizini.

Nje ya mlango

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye korido katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na uani nyuma, haikukusudia mtu aishi chumbani. Chumba kilikuwa cha kulala na kuhifadhi. Kupika, kufua, kusuka nywele na kuanika dagaa vilifanyika uani. Mazungumzo yalikuwa barazani. Familia yenye futi 100 za chumba ilikuwa na nyumba kubwa kuliko hesabu ya chumba inavyoonyesha.

Anayeishi nyumba ya namna hiyo leo ana sababu ya kuutunza uani pamoja na wenzake: kamba za nguo zipandishwe juu, bomba la maji lisafishwe, kivuli kiwepo. Saa mbili za jioni nje hukipunguzia chumba mzigo kuliko pambo lolote. Anayehamia ghorofani ndiye anayepoteza zaidi. Magomeni Kota mpya, zilizozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644, ni mfano wa mwelekeo wa miji yetu kwenda juu. Katika maisha ya ghorofa kibaraza cha futi tatu ndicho uani uliobaki. Kukigeuza stoo ya madumu na kabati bovu ni kufunga chumba cha mwisho chenye anga.

Mahali mapambo yanapoishia

Kuna kikomo, na ni dhuluma kumficha mtu kikomo hicho. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu kaya kuwa imesongamana pale watu zaidi ya watatu wanapotumia chumba kimoja. Wakifika watano au sita, hakuna shelfu wala kioo kitakachoondoa msongamano. Kuwaambia wapange vizuri zaidi ni kuwatwisha kosa la mji uliojenga vyumba vichache kuliko watu wake.

Kwa hiyo jibu la swali hili lina sehemu mbili. Ya mpangaji ni kufuata mpangilio wa gharama: kwanza ondoa na upime, jambo lisilogharimu kitu, pili hamisha kilichobaki ili njia na dirisha vifunguke, tatu rekebisha pazia na taa, nne paka rangi, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba, na kochi jipya liwe la mwisho. Ya wajenzi na halmashauri ni kukubali kwamba chumba cha kupanga ni nyumba kamili ya mtu. Madirisha kwenye kuta mbili, mlango uliosogezwa kona, shelfu ya zege iliyojengwa pamoja na ukuta, na kibaraza kidogo cha mbele: hivyo vyote huamuliwa kwenye karatasi kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Mwenye nyumba hulipia dirisha la pili mara moja tu, na mpangaji aliyenyimwa dirisha hilo hulilipia kwa feni, kwa taa ya mchana na kwa usingizi wake, kila siku ya mkataba.